Nyekundu zikiwaka, buluu zinazima: kutia taa za LED ndani ya joistiki

*Asalaam aleikum, fundi. Nina kibanda cha gemu hapa Malindi, mtaa wa Maweni, chenye mashine mbili nilizojitengenezea kwa mbao. Kila mashine ina joistiki mbili, yaani fimbo za kuchezea, na vitufe, na vyote vimeunganishwa kwenye bodi ndogo ya USB. Ili kuwavutia vijana wakati wa jioni nimenunua joistiki zenye mhimili (ile fimbo yenyewe) ulio na tundu ndani na vichwa vya plastiki angavu, nikatia LED ya buluu ndani ya kila kichwa na nyekundu chini ya kila joistiki. Zote nimezifunga pamoja kwenye rezista moja, na umeme nimeuchukua kwenye USB. Nikiunganisha nyekundu, buluu zinazima kabisa. Nikizitoa nyekundu, buluu zinawaka, ila moja ilikuwa ikimetameta na sasa imekufa. Tena kuna taa nyekundu niliyoifunga kati ya waya wa swichi ya “juu” na hasi, nikitaka ibadilike fimbo inaposukumwa; tangu hapo mchezaji anaruka mwenyewe kwenye skrini bila mtu kugusa kitu. Jirani ananiambia LED haihitaji rezista, kwani yeye huwasha kwa betri ya saa bila chochote. Mwingine anasema nitumie utepe wa volti 12 kama wa bodaboda. Nifanye nini? Na je, mtoto anaweza kudhurika?*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako kwa furaha kwa sababu umeeleza ulichokiona badala ya kuniambia tu kwamba “taa hazifanyi kazi”. Nianze na la mwisho, maana ndilo linalokukosesha usingizi: volti 5 za USB hazimrushi mtoto, hata mikono yake ikiwa na jasho. Hatari katika mashine kama yako iko kwenye umeme wa ukutani wa volti 240 unaoingia nyuma ya sanduku, na nitaurudia mwishoni. Kwenye taa zenyewe, kinachoweza kuharibika ni bodi yako ya USB na LED zako. Matatizo yako matatu hayana chanzo kimoja, kwa hiyo usitafute dawa moja ya yote.

Tuanze na fumbo la rangi. LED si kama balbu ya kawaida ambayo ukiipa volti kidogo inawaka kidogo. Kila LED ina kizingiti chake: chini ya kizingiti hicho haipitishi umeme wa maana, na ikishakivuka inaufungulia mlango kwa ghafla. Kizingiti hutegemea rangi, kwa kuwa mwanga wa buluu hubeba nishati kubwa kuliko mwekundu, na nishati hiyo lazima itolewe na volti. LED nyekundu huwaka kwenye volti 1.8 hadi 2.2 hivi, ya buluu au nyeupe huhitaji volti 3 hadi 3.4. (Ndiyo maana nyekundu ilipatikana tangu 1962, ilhali buluu yenye mwanga mkali ilisubiri hadi miaka ya 1990, na wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani walioifanikisha, Akasaki, Amano na Nakamura, wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.)

Sasa tazama ulichofanya. Umezifunga nyekundu na buluu sambamba, nyuma ya rezista moja, kile kidude kinachobana umeme usipite mwingi. Nyekundu zinafungua mlango zikifika volti 2, na zikishafungua, volti kwenye waya huo wa pamoja hazipandi tena zaidi ya hapo. Salio la volti 3 lote linaangukia kwenye rezista. Buluu inayongoja volti 3 itangoja milele. Hakuna kilichoungua wala kilichopungua nguvu. Ukichukua multimita, kile kipimo cha umeme, ukapima kati ya miguu miwili ya LED ya buluu wakati nyekundu zinawaka, utaona namba iliyo karibu na 2, nayo itakupa jibu kuliko maneno yangu.

Dawa yake ni kila LED kuwa na rezista yake peke yake. Hata zikiwa za rangi moja, usizichangie rezista, kwa sababu LED mbili zilizotoka kwenye pakiti moja hazina kizingiti kinacholingana sawasawa. Yenye kizingiti cha chini kidogo huvuta umeme mwingi zaidi, hupata joto, na joto hushusha kizingiti chake tena, ikazidi kuvuta. Siku moja inakufa, na mzigo wake unahamia kwa wenzake.

Jirani yako hasemi uongo kuhusu betri ya saa, ila hajui kwa nini inafanya kazi. Betri ile bapa ya CR2032 ina volti 3 tu, yaani iko ukingoni mwa kizingiti cha buluu, na ndani yake mna ukinzani wake wenyewe unaozuia umeme usimiminike. Rezista ipo, imefichwa ndani ya betri. Chaja ya simu au USB haina huruma hiyo: ina volti 5 na uwezo wa kutoa miliampea mia kadhaa kwa mpigo, wakati LED ya kawaida ya milimita 5 imetengenezwa kwa miliampea 20. Ukiiweka LED kwenye USB bila rezista itang’aa vizuri sana kwa muda mfupi, na muda huo mfupi ndio unaowadanganya watu.

Hesabu ya rezista ni nyepesi. Toa kizingiti cha LED kwenye volti ulizo nazo, kisha gawa kwa ampea unazotaka. Watu wengi hulenga miliampea 20 kwa kuwa ndicho kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti, lakini mimi nakushauri ulenge 5 au chini ya hapo. LED za siku hizi zina mwanga mwingi, kibanda chako kina giza jioni, na taa kali inayomulika kutoka mkononi humchosha macho mchezaji anayetazama skrini. Kwa buluu: 5 toa 3.2 ni 1.8, gawa kwa 0.005 (ndizo miliampea 5), unapata omu 360; omu ndiyo kipimo cha rezista. Chukua 390 ambayo ni rahisi kuipata dukani. Kwa nyekundu: 5 toa 2 ni 3, gawa kwa 0.005, unapata 600; chukua 680. Rezista ya robo wati inatosha kabisa. Faida nyingine ya kulenga umeme mdogo inaonekana ukijumlisha: taa 20, pamoja na za vitufe ukipenda kuviongezea, kwa miliampea 20 kila moja, ni 400, na tundu la USB la kawaida hutoa 500 pamoja na chakula cha bodi yenyewe. Kwa miliampea 5, taa hizohizo ni 100 tu.

Kuhusu utepe wa bodaboda, sikushauri. Utepe wa volti 12 umepangwa LED tatu tatu kwa mfuatano, kila kundi na rezista yake, hivyo kwenye volti 5 hautawaka. Basi utalazimika kuleta volti 12 ndani ya sanduku ambalo kila kitu kingine ni volti 5 au 3.3, na siku waya mmoja wa volti 12 ukigusa waya wa swichi, bodi ya USB imekwenda. Kama unapenda utepe, ziko tepe za volti 5. Zile za WS2812B zinazobadilisha rangi kila taa peke yake ni nzuri kwa macho, lakini hutaka waya wa tatu wa kuziamrisha, na moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula karibu miliampea 60. Ziache mpaka hizi za kawaida zimekutulia.

Sasa hiyo taa iliyometameta kisha ikafa. Kwa maelezo yako ningeweka dau kwamba LED ni nzima na waya ndio umekatika. Joistiki za aina hii, zile zinazofuata umbo la joistiki ya Kijapani iitwayo Sanwa JLF, mhimili wake hauinami tu, huzunguka pia. Mchezaji akiviringisha kichwa kwa kiganja, mhimili wote unazunguka, na waya mbili ulizopitisha ndani zinasokotwa, leo kulia kesho kushoto. Mbali na hilo, kila fimbo inaposukumwa mbele, ncha ya chini ya mhimili hurudi nyuma, ikaukunja waya palepale unapotokea. Shaba inayokunjwa mahali pamoja maelfu ya mara hugumu, hupasuka ndani ya ganda lake, na kwa siku chache inagusana na kuachana kabla ya kukatika kabisa. Baharia wa Lamu anajua kwamba kamba ya tanga haikatiki katikati, hukatika inapopita ukingoni. Waya wako nao utaukuta umekatika kwenye mdomo wa chini wa mhimili.

Hakikisha kabla ya kununua kitu. Weka multimita kwenye sehemu ya kupima mwendelezo, ile inayolia waya ukiwa mzima, ncha moja kwenye mguu wa LED na nyingine upande wa chini wa waya uleule, kisha zungusha kichwa polepole. Mlio ukikatika na kurudi, au usiposikika kabisa, umempata mwizi.

Ukiamua kurudishia, kwanza achana na waya wa simu ya zamani wenye uzi mmoja mgumu. Tafuta waya wa nyuzi nyingi nyembamba wenye ganda laini la silikoni. Kabla ya kuupitisha, sugua midomo yote miwili ya tundu la mhimili kwa msasa mwembamba mpaka kidole kisihisi makali, na uvishe waya mrija unaosinyaa kwa joto pale unapotokea chini. Acha kitanzi kirefu cha kutosha chini ya mhimili ili msokoto ugawanyike kwenye urefu wote. Mwisho wa kitanzi weka kiunganishi cha kuchomeka na kuchomoa, na rezista iwe baada ya kiunganishi, upande uliotulia, isiwe ndani ya kichwa. Hapo waya ukikatika tena, na utakatika, utabadilisha mhimili mzima bila kuigusa mashine nyingine. Unapoondoa kile kipini chenye umbo la herufi E kinachoshika mhimili kwa chini, kifunike kwa kidole. Springi iliyobanwa hapo hukirusha, na kwenye sakafu ya mchanga hukipati. Wapo wanaopunguza waya kwa kuutumia mhimili wenyewe kama hasi. Usiwaige: mhimili una grisi na umelegea kidogo kwa makusudi, kwa hiyo taa itameta kila fimbo ikiguswa.

Jambo dogo kuhusu kichwa chenyewe. LED ya milimita 5 yenye kioo angavu hurusha mwanga mbele kama tochi, hivyo utaona nukta juu ya kichwa na pembeni giza. Isugue kwa msasa wa namba 400 mpaka iwe na ukungu, na mwanga utaenea. Usiigundishe kwa gundi ile ya kukauka kwa sekunde, kwa kuwa mvuke wake huacha utando mweupe ndani ya plastiki angavu usiofutika, wala usisafishe kichwa cha akriliki kwa spiriti, maana hukitia nyufa ndogondogo.

Tatizo la tatu ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa sababu taa ilikuwa ikicheza gemu bila wewe kujua. Bodi ya USB hujuaje kwamba fimbo imesukumwa? Kila waya wa ishara, yaani ule unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye bodi, umeshikiliwa juu, kwenye volti 5 au 3.3, na rezista kubwa iliyo ndani ya bodi, mara nyingi ya omu elfu kumi au zaidi. Swichi ikifungwa, waya unashushwa hadi sufuri, na bodi inasoma “imebonyezwa”. Rezista hiyo ya ndani ni dhaifu kwa makusudi. Wewe umeweka LED nyekundu kati ya waya huo na hasi. LED haikupata umeme wa kuwaka sawasawa, labda theluthi ya miliampea, lakini ilitosha kuushusha waya hadi volti 1.7 hivi, ambako bodi haijui kama ni juu au chini. Mara inasoma hivi, mara vile, na mchezaji anaruka. Tena taa hiyo ingekuwa kinyume na ulivyotaka, kwani swichi ikifungwa inazima.

Itoe leo, na kuruka kutakoma. Ukitaka taa inayoitikia msukumo, mpangilio ni huu: mguu mrefu wa LED, ulio chanya, uende kwenye volti 5 za bodi kupitia rezista, na mguu mfupi uende kwenye waya wa ishara. Fimbo ikitulia, pande zote mbili ziko juu na taa imezima. Swichi ikifungwa, umeme unapita kwenye LED, kisha kwenye swichi, hadi hasi, bila kupitia chipu. Lakini pima kwanza waya wa ishara ukiwa haujaguswa. Ukisoma karibu na 5, tumia rangi uipendayo. Ukisoma karibu na 3.3, usitumie nyekundu: tofauti ya volti 1.7 inayobaki inaweza kuifungua kidogo na kusukuma volti za ziada kwenye chipu isiyozitaka. Buluu au nyeupe itazuia, kwa kuwa 1.7 haifiki kizingiti chake. Na katika hali zote mbili volti 5 zitoke kwenye USB ileile inayolisha bodi. Ukitumia chaja ya pembeni, siku bodi imezimwa na chaja inawaka, umeme utapenya nyuma kuingia kwenye chipu kupitia LED zako. Taa zinazowaka muda wote, zisizogusa waya wowote wa ishara, hazina masharti haya. Nimesikia pia watu wakidai taa huchelewesha fimbo. Zikifungwa hivi, hazicheleweshi kitu.

Baada ya yote hayo, utaniuliza kama inafaa. Kwa mashine ya nyumbani, ningekuambia tia taa kichwani na ufurahie. Kwa kibanda cha biashara, ambako vijana wanaishindilia fimbo kuanzia alasiri hadi usiku, maoni yangu ni kwamba waya ndani ya mhimili ni kazi ya matengenezo isiyokwisha. Zisogeze LED ziwe kwenye bamba la chini lisilosogea, ukate pete ya akriliki angavu ya kuwekwa kuzunguka tundu la mhimili, na mwanga utoke pale. Mchezaji anaona duara la buluu chini ya mkono wake, na hakuna waya unaokunjwa. Kama umeshavipenda vichwa vinavyong’aa, kuna njia ya kati: ufito mwembamba wa akriliki au uzi wa plastiki wa kupitisha mwanga ndani ya mhimili, na LED imesimama chini yake bila kuguswa. Mwanga utapungua kila fimbo inapoinama, na utakuwa hafifu kuliko wa LED iliyo kichwani, lakini hautakatika. Ningeibakiza joistiki moja tu yenye waya kichwani, ile inayotazama barabarani.

Kwa kuwa uko Malindi, usisahau hewa ya chumvi. Wakati wa kusi hasa, unyevu wa bahari huingia kila mahali, na kiungo cha shaba kilichoachwa wazi kinageuka kijani. Unapolehemu, tumia risasi ya elektroniki yenye dawa yake ndani, usitumie kamwe dawa ya asidi ya mafundi wa mabomba, kwa sababu mabaki yake huendelea kula shaba hata baada ya wewe kufunga sanduku. Shikilia joto kwenye mguu wa LED kwa sekunde tatu tu, mbali kidogo na mwili wake. Kiungo kikipoa, kisafishe, kivishe mrija, au kipake rangi ya kucha isiyo na rangi. Rangi hiyo isikaribie swichi za joistiki. Tone moja likiingia ndani, swichi imekwisha.

Sasa yale ya kumwita mtu. Kama mashine yako mojawapo inatumia televisheni ya zamani yenye kioo cha bomba, ile yenye mgongo mnene, usiingize mkono nyuma yake hata ikiwa imechomolewa. Ndani hubaki chaji ya maelfu ya volti, na hiyo ni kazi ya fundi wa televisheni. Kama ukigusa chuma chochote cha mashine unahisi mchomo au mtetemo kidogo, izime kwenye swichi ya ukutani, na usiiwashe tena mpaka fundi umeme mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya) aangalie waya wa ardhi wa kibanda chako na usambazaji wa volti 240 ndani ya sanduku. Usitegemee chaja yoyote isiyo na jina inayopata joto mkononi. Na kama baada ya kuitoa taa ya “juu” mchezaji bado anaruka mwenyewe, huenda bodi imekwishadhurika au swichi imenata. Pima waya wa ishara fimbo ikiwa imetulia na ikiwa imesukumwa, andika namba hizo mbili, chomoa bodi pamoja na joistiki hiyo, na umpelekee fundi wa elektroniki vyote vitatu. Namba hizo zitamwokolea yeye muda na wewe pesa.